Dzaleka: Jiwe gani linafaa kunolea wembe nyumbani?

Wembe wa kukunja ukitunzwa vyema humtumikia mwenyewe kwa miaka mingi. Jiwe lisilofaa huuharibu kwa dakika chache, na kwa mkaazi wa Dzaleka kosa hilo ni ghali kuliko linavyoonekana.

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, iko takribani kilomita 45 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Tangu ilipofunguliwa mwaka 1994 imekuwa makaazi ya watu waliotoka hasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Sera ya Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warejee Dzaleka. Kwa hiyo kwenda kutafuta kifaa katika maduka ya Lilongwe kunahitaji ruhusa, nauli na muda. Anayerudi na jiwe lisilofaa amepoteza vyote vitatu.

Si kila wembe hunolewa

Jambo la kwanza ni kuutambua wembe wenyewe. Upo wembe wa mpini unaotiwa kipande chembamba cha chuma, ambacho hutupwa baada ya kutumika. Huo hauhitaji jiwe lolote. Kinachonunuliwa ni vipande vipya. Wembe unaohitaji jiwe ni ule wa chuma kimoja kizima, wenye mgongo mnene na makali membamba, unaokunjwa na kuingia ndani ya mpini wake. Baadhi ya nyembe za namna hiyo zilizotengenezwa zamani huwa na mhuri wa Solingen, mji wa Ujerumani, au Sheffield, mji wa Uingereza. Miji hiyo miwili imejulikana kwa karne nyingi kwa ufuaji wa visu na nyembe.

Nambari za jiwe zina maana gani?

Mawe ya kunolea, ambayo pia huitwa manoo, hupangwa kwa nambari. Kadiri nambari inavyokuwa kubwa, ndivyo chembe za jiwe zinavyokuwa ndogo na jiwe kuwa laini. Katika kipimo cha Kijapani, chembe za jiwe la nambari 1000 zina ukubwa wa takribani mikroni 10 hadi 15, yaani sehemu kumi hadi kumi na tano za milioni ya mita. Zile za nambari 8000 ni za mikroni moja hadi mbili tu. Unywele wa mwanadamu, kwa kulinganisha, una unene wa mikroni 70 hivi.

Kila jiwe lina kazi yake. Nambari 1000 huunda makali upya pale wembe unapokuwa butu kabisa au umemeguka. Nambari 3000 hadi 5000 hufuta mikwaruzo iliyoachwa na jiwe la kwanza. Nambari 8000 na kuendelea hulainisha makali mpaka yaweze kupita juu ya ngozi bila kuichuna.

Hapo ndipo wengi hukosea. Jiwe la kijivu la pande mbili linalouzwa kwa ajili ya visu na mapanga ni gumu kupita kiasi kwa wembe. Mara nyingi hata upande wake ulio laini haufiki nambari 400. Linafaa jikoni na shambani, lakini kwenye wembe huacha makali yenye meno kama ya msumeno.

Jiwe moja laweza kutosha

Habari njema kwa mwenye kipato kidogo ni kwamba wembe usiomeguka hauhitaji mawe yote hayo. Jiwe moja la nambari 8000, au la pande mbili lenye 4000 na 8000, pamoja na mshipi wa ngozi halisi usio na mishono, vinatosha kuutunza nyumbani. Wembe uliomeguka ni afadhali kupelekwa mara moja kwa fundi mwenye uzoefu na mawe magumu, kisha mwenyewe akaendelea kuutunza.

Kabla ya kulipa, mnunuzi achunguze mambo matatu. Jiwe liwe bapa kabisa: rula ikisimamishwa juu yake kwa ubavu, mwanga usipenye chini yake. Liwe pana kiasi, sentimita tano hadi saba, ili wembe ukae vizuri. Tena liwe na sura moja, bila ufa wala chembe kubwa zinazokwaruza ukucha. Nambari iliyochapishwa peke yake si uthibitisho. Vilevile vipimo hutofautiana: msasa wa maji ulioandikwa 2000 kwa kipimo cha Ulaya una chembe kubwa kuliko jiwe la Kijapani lenye nambari hiyo hiyo.

Maji kidogo, mkono mwepesi

Jiwe la maji halitiwi mafuta, kwani mafuta huziba vitundu vyake. Bakuli dogo la maji safi linatosha, jambo lenye uzito mahali ambapo maji huchotwa kwa foleni. Wembe hulazwa bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Mgongo ndio unaoweka pembe sahihi, hivyo hauinuliwi. Husukumwa kwa wepesi makali yakitangulia. Kwenye mshipi wa ngozi mwendo hugeuzwa: mgongo ndio unaotangulia. Wembe hugeuzwa kwa kuviringishwa juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali.

Jiwe likianza kubonyea katikati, huchorwa mistari ya penseli na kusuguliwa juu ya msasa wa maji uliotandazwa kwenye kioo, hadi mistari yote ifutike. Makali hujaribiwa kwenye vinyweleo vya mkono, si kwa kupitisha kidole.

Wembe mmoja, mtu mmoja

Kunoa si kutakasa. Virusi vya homa ya ini aina ya B, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa angalau siku saba, na wembe wenye damu ni njia mojawapo ya maambukizi. Jiwe na mshipi vinavyotumika kwa nyembe za watu mbalimbali navyo vinaweza kubeba damu kutoka wembe mmoja hadi mwingine.

Kwa sababu hiyo, wembe wa kunolewa ni chombo cha mtu mmoja, hata ndani ya familia, na jiwe lake halichangiwi. Kinyozi anayehudumia wateja atumie wembe wa kipande cha kubadilisha: kifunguliwe mbele ya mteja na kitupwe salama akimaliza. Ule wa chuma kizima, hata ukiwa mkali kiasi gani, ubaki nyumbani kwa mwenyewe.