Mikutano ya video: Bure ipimwe kabla ya kupokewa

NENO bure lina sura zaidi ya moja katika lugha yetu. Kitu cha bure ni kile kipatikanacho pasipo malipo. Jasho la bure ni lile lisilozaa tunda. Na mtu anayelaumiwa bure hulaumiwa pasipo sababu. Mwanaisimu hawezi kuzipita maana hizi bila kuzikazia macho, kwani yaelekea waliolitumia neno hili kabla yetu waliona kwamba kisicholipiwa na kisichofaa ni majirani wanaopakana ua kwa ua.

Majirani hao wawili ndio wanaowatatiza sasa walimu, wahitimu wa vyuo na wafanyabiashara wadogo wa pwani ya kusini ya Kenya. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka: Je, mtu anayeendesha kazi yake kwa mikutano ya video atosheke na huduma ya bure, au alipe ada ya kila mwezi? Kulijibu ndiko kugumu, maana wengi wetu hujibu kwa mazoea au kwa fahari kabla ya kufanya hesabu.

Mjadala huu usidhaniwe kuwa ni wa wakazi wa majumba marefu ya Nairobi pekee. Mwenye nyumba za wageni Diani ana wateja walio Ujerumani na Uingereza wanaotaka kumwona na kumsikia kabla hawajapanda ndege. Wenye mashua za Shimoni wanaowapeleka watalii Wasini na Kisite hupatana na mawakala walio mbali. Huko Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 huwauzia wanunuzi wa ng'ambo hewa ya kaboni inayofyonzwa na mikoko, na mapato yake yamesaidia maji na elimu katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Aidha, wapo vijana waliosomea Kiswahili ambao, wakingoja kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, wanaweza kuwafundisha wageni lugha hii kwa njia ya video. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, lugha yetu imezidi kupata masikio ya mbali. Haitakuwa busara soko hilo litupite kwa kukosa kujua bei ya mlango.

Mikutano ya aina hii ilienea kwa kishindo mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipofunga shule na afisi. Kampuni ya Zoom ilieleza kwamba washiriki wa mikutano yake kwa siku walipanda kutoka takriban milioni 10 mnamo Desemba 2019 hadi milioni 300 mnamo Aprili 2020. Wengi waliingia kupitia mlango wa bure, na hadi leo hawajasoma maandishi yaliyo juu ya mlango huo.

Maandishi yenyewe yanasemaje? Zoom isiyolipiwa huukata mkutano baada ya dakika 40, na haipokei zaidi ya watu 100. Google Meet ya bure hutoa dakika 60 ikiwa washiriki ni watatu au zaidi, bali wakiwa wawili tu huruhusiwa kuzungumza hadi saa 24. Teams ya Microsoft nayo huwapa wasiolipa dakika 60 kwa mkutano wa kundi. Ipo pia Jitsi Meet, ambayo ni programu huria isiyodai ada, ingawa tangu mwaka 2023 mwenye kuufungua mkutano katika tovuti yake kuu hutakiwa kujitambulisha kwanza. Anayelipa ada ya ngazi ya kwanza ya Zoom, ambayo ni takriban dola 15 kwa mwezi, huweza kuendesha mkutano hadi saa 30 na kuhifadhi rekodi katika hazina ya kampuni.

Hapa ndipo isimu inapokuwa na neno la kuchangia. Dakika 40 si kipimo kimoja kwa watu wote. Mfanyabiashara aliyezoea kuingia moja kwa moja katika shughuli ataziona zinatosha na kubaki. Lakini mazungumzo ya Pwani, yawe kwa Kiswahili au kwa Kidigo, yana mlango, ukumbi na chumba cha ndani. Kwanza ni salamu na kujuliana hali, kisha habari za wazee na watoto, kisha mvua na bahari, ndipo shauri liwekwe mkekani. Isitoshe, mzee mwenye uzito hungoja wengine waseme, naye akaja kulifunga shauri mwishoni. Katika mkutano wa dakika 40, neno ambalo limo hatarini kuliko yote ni neno la mzee huyo. Saa ya kampuni humkata katikati ya sentensi, na wale wa ng'ambo hubaki na maneno ya vijana waliotangulia, wakidhani kuwa hayo ndiyo makubaliano.

Mtu atasema: Si wafungue mkutano mwingine? Naam, wanaweza, na yafaa kwa marafiki. Lakini kila ufunguzi mpya una wanaokawia kurudi, wanaopotelewa na kiungo cha kuingilia, na wanaokata tamaa. Kwa mteja wa kwanza, kukatiwa mazungumzo huku bei ikitajwa ni kama kufungiwa duka ukiwa umeshika mfuko mkononi.

Jambo la pili ni umiliki wa kikao. Ada hizi hutozwa mwenye kuitisha mkutano. Walioalikwa hawatozwi kitu. Kwa hivyo ushirika wenye wanachama thelathini hauhitaji kulipa mara thelathini, na mwenye kuongea na kampuni kubwa ya London anaweza kuiomba kampuni hiyo iitishe mkutano. Huo ni uwekevu mzuri. Hata hivyo, uwekevu huo nao una bei yake. Mwenye mkutano ndiye awezaye kumnyamazisha msemaji, kumwacha mgeni nje ya mlango na kuamua kama mazungumzo yatarekodiwa. Katika baraza la kijiji twamjua mwenyekiti kwa kuwa tulimchagua sisi wenyewe. Katika baraza la video, mwenyekiti ni yule mwenye akaunti. Wanavijiji wanaopatana juu ya ardhi yao, mikoko yao au ufuo wao hawafai kuwa wageni katika kikao kinachowahusu. Kwao, ada ya mwezi mmoja wa mashauriano hununua kiti cha mbele.

Jambo la tatu ni kumbukumbu. Google Meet ya bure haitoi rekodi. Zoom ya bure huruhusu kurekodi kwenye tarakilishi, lakini anayetumia simu ya mkononi bila kulipia hana nafasi hiyo. Nasi tunajua kuwa watu wengi wa Msambweni na Kinango hufanya shughuli zao zote kwa simu. Mwalimu anayewauzia wanafunzi wake masomo yaliyorekodiwa hana budi kulizingatia hilo. Azingatie pia kwamba sauti na sura ya mtu ni mali ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlazimu anayekusanya habari za watu awe na msingi halali wa kufanya hivyo, na kuomba idhini kabla ya kurekodi ni adabu ambayo hata bila sheria tungeidai.

Nne, aliyekupa bure ana hiari ya kubadili masharti. Zamani mazungumzo ya watu wawili kupitia Zoom ya bure hayakuwa na kikomo cha dakika 40. Mwaka 2022 kikomo kikawafikia na wao. Skype, iliyowaunganisha Waswahili wengi wa nyumbani na jamaa zao wa Ughaibuni, ilifungwa tarehe 5 Mei 2025. Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Anayeitegemea huduma ya bure kwa riziki yake aandike majina na anwani za wateja wake katika daftari lake mwenyewe. Nasaha hii inawafaa hata wanaolipa, maana malipo hayamfanyi mtu kuwa mwenye kampuni.

Baada ya kusema hayo, ningependa kuwatahadharisha wale wanaokimbilia kulipa. Ada haiongezi nguvu ya mtandao. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini mwaka 2009, lakini umbali kutoka Mombasa hadi kwenye simu ya mwalimu wa kijijini haufupishwi na dola 15. Picha inayoganda kwa sababu ya mtandao hafifu itaganda vilevile kwa aliyelipa. Tena mazungumzo ya video ya watu wawili huweza kutafuna kuanzia nusu gigabaiti hadi zaidi ya gigabaiti moja kwa saa, na ya kundi hutafuna zaidi. Kwa anayenunua vifurushi vya data kila siku, huenda hiyo ndiyo gharama kubwa, nayo huwapata wote, waliolipa ada na wasiolipa. Kuzima kamera na kubakisha sauti kutamwokolea mtu fedha nyingi kuliko kuhama kutoka kampuni moja hadi nyingine.

Isitoshe, bei hizi hupangwa kwa dola, nayo shilingi yetu haikai mahali pamoja. Mapema mwaka 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130. Ada ya dola 15 hivyo iliteremka kutoka takriban shilingi 2,400 hadi 1,950, bila kuhesabu ushuru, na hakuna aliyeahidi kwamba haitapanda tena. Zaidi ya hayo, malipo mengi hujirudia yenyewe kila mwezi mpaka mwenyewe ayasimamishe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Basi tuamueje? Tuchukue mfano wa mwalimu wa Ukunda anayemfundisha mgeni mmoja mmoja. Huyo hana haja ya kulipa ada yoyote, kwa kuwa huduma ya bure ya Google Meet inampa muda kuliko anaouhitaji. Akianza kuwafundisha wanafunzi watano kwa pamoja kwa dakika 90, mambo hubadilika. Hapo ana njia mbili: kulikata somo katika vipindi viwili na kuwapumzisha wanafunzi katikati, au kulipa. Iwapo kila mwanafunzi anamlipa shilingi 500 kwa somo, somo moja tu humletea shilingi 2,500, nalo linaifidia ada ya mwezi mzima. Kwake, ada hiyo ni kama chaki na ubao. Lakini kwa kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi kusikiliza taarifa fupi, kulipa ni kumwaga maji mchangani.

Shule nazo zisisahau kwamba Google hutoa huduma maalumu ya elimu isiyolipiwa kwa taasisi zinazostahiki, baada ya shule yenyewe kuomba na kuthibitishwa. Ni ajabu kuwaona walimu wakichangishana fedha za ada ilhali mlango huo haujabishwa. Vyuo vinavyofundisha biashara na ualimu vingefanya vyema kuliingiza somo hili darasani: jinsi ya kusoma masharti, kuhesabu gharama ya data, kuongoza kikao na kuomba idhini ya kurekodi.

Nirudi kwenye neno bure. Huduma isiyolipiwa ikimtosha mtu, aipokee kwa moyo mkunjufu, wala asione haya mbele ya wanaolipa. Lakini pale ambapo inamkata mzee kauli, inampotezea mwalimu mteja au inamfanya mwenyeji kuwa mgeni katika shauri lake mwenyewe, huduma hiyo itakuwa imevuka ua na kuingia katika ile maana ya pili. Ni juu ya kila mmoja wetu kuketi na kalamu na karatasi, ahesabu watu, dakika, data na shilingi zake, kisha aamue.