KUREJEA AFISINI: HAKI YA MUAJIRI NA HAKI YA NYUMBA

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana siku hizi katika mabaraza yetu ya Mji Mkongwe baada ya sala ya Isha, ni hili la watumishi walioachiwa kwa muda kufanya kazi zao majumbani, kisha wakaletewa barua za kuwataka warejee afisini. Wako waliozipokea barua hizo kwa furaha, wako waliozipokea kwa hasira, na wako waliozipokea kwa machozi. Na kwa kuwa jambo lenyewe linaingia ndani ya nyumba za Waislamu, likagusa malezi ya watoto, utumishi wa wazee na riziki ya halali, tumeona si vyema gazeti la nyumba kama hili likae kimya.

Kwanza tutazame asili yake. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipoenea duniani, nchi nyingi zilifunga afisi zao. Kwa jirani zetu wa Kenya, tarehe 15 Machi mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta alizitaka afisi za serikali na za biashara ziwaruhusu watumishi wafanye kazi majumbani, isipokuwa wale ambao kazi zao hazina budi kufanywa mahali pake. Kwetu Tanzania afisi hazikufungwa kwa namna hiyo, ingawa skuli zilifungwa kuanzia mwezi wa Machi, na zote zikawa zimeshafunguliwa mwisho wa mwezi wa Juni. Walakini wageni walipokatika, na mahoteli ya pwani yakawa matupu, baadhi ya makampuni ya hapa Unguja yaliona hapana faida ya kulipia vyumba vya mjini, yakawapa watumishi kompyuta na kuwaambia: kaeni kwenu, fanyeni kazi huko huko.

Wageni waliporejea wakaja na wenzao wa namna nyengine, ambao walikaa Paje na Jambiani miezi mizima, mchana wakiwatumikia mabwana zao wa Ulaya kwa njia ya mtandao, na jioni wakioga baharini. Vijana wetu waliyaona hayo wakajifunza. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatangaza mpango ulioitwa Silicon Zanzibar, wa kuyavuta makampuni ya mambo ya kompyuta yaje yakae kwetu, khasa upande wa Fumba. Mtu akadhani kwamba mambo ya afisi yamekwisha, na kwamba kila mmoja atakula riziki yake akiwa juu ya busati lake.

Kisha upepo ukageuka. Kampuni kubwa ya Marekani iitwayo Amazon ilitangaza mwezi wa Septemba 2024 kwamba watumishi wake wa afisini warejee siku zote tano za wiki kuanzia tarehe 2 Januari 2025. Kabla ya hapo, tarehe 31 Mei 2023, watumishi wake wengi walitoka nje ya afisi zao mjini Seattle kuonyesha kutoridhika kwao na amri ya siku tatu. Na tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani aliamrisha watumishi wa serikali yake warejee kazini kwa siku zote. Mawimbi ya huko hayachelewi kufika huku. Mwenye kampuni wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia, naye huandika barua yake. Na kijana wa Unguja aliyeajiriwa huko huambiwa achague baina ya kupanda boti kuhamia Dar es Salaam na kuiacha kazi.

Lakini je, kufanya kazi nyumbani ni jambo geni kwetu? Hata kidogo. Mwenye kutembea Mji Mkongwe atayaona majumba ambayo chini yake ni duka na juu yake ni makazi. Tajiri alikuwa akishuka ngazi moja tu akawa yuko kazini, akiadhiniwa yuko karibu na msikiti, na mchana hula pamoja na wanawe. Kofia zetu za vito hutiwa sindano majumbani, hupita mkono huu na mkono ule, na mwenye kushona hulipwa kwa alichokishona, si kwa saa alizokaa. Afisi, kwa maana ya nyumba ambayo watu hukutanishwa asubuhi wakaachiwa alasiri, ndiyo iliyokuja nyuma. Beit al-Ajaib yenyewe, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, haikujengwa iwe afisi. Ni katika zama za Waingereza ndipo ilipofanywa nyumba ya makarani. Basi asitwambie mtu kwamba kazi haiwi kazi illa iwe chini ya paa la bwana.

Sasa tuwasikilize watu wenyewe. Tunamjua bibi mmoja, mhasibu katika kampuni ya kupokea wageni, akaaye Fuoni. Mama yake alipatwa na kiharusi, hawezi kugeuka kitandani ila kwa kugeuzwa. Kwa miaka kadhaa bibi huyu alikuwa akisali Alfajiri, akimnywesha mama yake uji, kisha akifungua hesabu zake pembeni mwa kitanda hicho hicho. Hesabu hazikupata kuharibika hata mwezi mmoja. Siku moja akaletewa barua ya mistari mitatu: kuanzia Jumatatu awepo afisini kila siku, saa mbili barabara. Akatwambia: "Sikuumizwa na kurejea. Nimeumizwa kwamba hapana aliyeniuliza."

Na tunamjua kijana mmoja wa Ng'ambo, mtengenezaji wa programu, ambaye alipopata barua kama hiyo alisema Alhamdulillahi. Nyumba yao ni ya vyumba viwili na watu tisa. Umeme ukikatika alikuwa akikimbilia kwa rafiki. Intaneti akiilipia kwa fedha yake. Na kila aliyemwona amekaa alidhani hana kazi, akatumwa sokoni Darajani. Huyu kwake afisi ni pahali pa utulivu, na karibu na wakubwa wanaomfunza kazi.

Kisha akasema tajiri mmoja mwenye afisi Vuga. Alisema kwamba hakuwaita watu wake kwa kiburi. Mmoja wao alimgundua ameajiriwa na kampuni mbili kwa saa zile zile, huku akichukua mshahara kamili huku na huku. "Baada ya hapo," akasema, "sikujua nimwamini nani, nikawaita wote." Na alisema kweli kuwa vijana wapya walikuwa hawajifunzi, kwani ufundi mwingi hupatikana kwa kumtazama aliyetangulia.

Kila mmoja katika hawa watatu ana haki yake. Basi tuirejee dini yetu, ambayo haikutuacha gizani katika mambo ya ijara.

Katika Suratul-Qasas Mwenyezi Mungu ametupa kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan. Binti wa yule mzee alimshauri baba yake amwajiri, na akataja sifa mbili za mtu wa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Hakutaja kuonekana. Kisha mzee akamtajia Musa muda wazi, miaka minane, na kama akitimiza kumi ni ihsani yake. Na akaongeza kwamba yeye hataki kumtia mashakani. Hebu mwenye kuajiri na aitazame aya hiyo ya 27 vizuri. Sharti limesemwa kabla ya kazi, halikuzushwa katikati. Na bwana mwenyewe ndiye aliyeanza kusema kuwa hatamtaabisha mtumishi wake.

Na katika Sira ya Mtume wetu (S.A.W.) tunajua kwamba Bibi Khadija (R.A.) alikaa Makka na mali yake ikaenda Sham mikononi mwa Muhammad, kabla ya kupewa utume. Hakuwa akimwona asubuhi na jioni. Alimchagua kwa uaminifu wake, akampeleka pamoja na Maysara, na mali iliporudi akaitazama faida na akasikiliza khabari ya Maysara. Humo mna mafunzo mawili: ya kwanza, kwamba kazi ya mbali yafaa pakiwepo amana, na ya pili, kwamba mwenye mali halaumiwi akitaka kujua mali yake inakwendaje.

Kwa hivyo tunasema hivi. Ikiwa mkataba ulitaja afisi, na ruhusa ya nyumbani ilitolewa kwa sababu ya maradhi tu, basi muajiri ana haki ya kuwaita watu wake, na mtumishi ni wajibu wake kuitika, kwani mwanzo wa Suratul-Maida tumeamrishwa kutimiza tulichofungamana. Lakini ikiwa mtu aliajiriwa tangu mwanzo kwa sharti la kukaa kwake, kumgeuzia sharti hilo kwa barua ya mistari mitatu ni dhulma, hata ikiwa mshahara haukupunguzwa. Mambo ya kazi si katika mambo ya Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, namba 11 ya mwaka 2005. Mwenye kudai haki na auchukue mkataba wake akaulize Kamisheni ya Kazi, asikimbilie matusi wala mgomo wa kimya kimya, akaja afisini kwa mwili na kazi asiifanye.

Na mwenye kufanya kazi nyumbani naye asijidanganye. Mwenyezi Mungu amewaonya katika Suratul-Mutaffifin wale ambao wakipokea hutaka kipimo kamili, na wakipima hupunguza. Saa za kazi nazo ni kipimo. Aliyelala mpaka adhuhuri na huku kompyuta yake imewashwa ili aonekane yumo, huyo amepunguza mizani, na ametia shaka katika tonge anayowalisha wanawe. Na ubaya wake haukomi kwake. Yule tajiri wa Vuga aliwaita wote kwa sababu ya mmoja.

Kwa upande wa waajiri, tunawaomba watazame pia hesabu za dunia. Katika kampuni ya Trip.com ya China wataalamu waliwagawa watumishi 1,612 mafungu mawili: fungu moja lilikuja afisini siku zote tano, na jengine lilifanya kazi nyumbani siku mbili za wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Kazi haikupungua ubora, na waliojiuzulu katika fungu la pili walipungua kwa thuluthi, khasa wanawake na wale wakaao mbali na kazi. Hapa kwetu hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na katika hao 893,169 wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Asubuhi wengi wao huelekea upande mmoja kwa njia zile zile, kutoka Fuoni, Mwanakwerekwe na Bububu. Kumpunguzia mtu safari mbili kwa wiki ni sadaka isiyomgharimu tajiri kitu.

Wala tusisahau kwamba mjadala huu wote ni wa wenye kuchagua. Muuguzi wa Mnazi Mmoja, mwalimu wa skuli, mchukuzi wa bandarini Malindi na bibi wa mwani aliyesimama ndani ya maji pwani ya mashariki, hao hapana siku walioambiwa wabaki nyumbani na kazi itakwenda. Mwenye neema na ashukuru, na akidai na adai kwa adabu.

Tumalizie na yule bibi wa Fuoni. Alikwenda kwa bwana wake na daftari zake, akamwonyesha kazi ya miaka yote, akamweleza hali ya mama yake. Bwana yule alinyamaza, kisha akasema hakujua. Wakakubaliana siku tatu afisini na siku mbili nyumbani, wakaandikiana.

Zikabaki siku tatu za mama. Hapo ndipo lilipodhihiri jambo ambalo barua ya kampuni haikuwa na hatia nalo. Bibi huyu ana ndugu wanne, watatu katika hao ni wanaume wenye siha zao, na wote wako hapa hapa Unguja. Kwa miaka yote walisema: "Dada yuko nyumbani." Wakaona kwamba aliyeko nyumbani hana kazi, na kwamba mama ni wa yule aliye karibu na kitanda. Ilibidi mtu mzima wa ukoo awakusanye na kuwakumbusha kwamba haki ya mama iko juu ya shingo za watoto wote, na kwamba Mtume (S.A.W.) mwenyewe, kama alivyoeleza Bibi Aisha (R.A.), alikuwa nyumbani akiwatumikia ahali zake. Siku hizi kaka mkubwa huja Jumatatu, wa pili Jumatano, na mdogo Alkhamisi, na kumnywesha mama uji wameshajua.

Basi wewe msomaji, kabla hujamhesabia muajiri dhulma yake, ihesabu kwanza iliyomo ndani ya nyumba yako. Tazama ni nani anayebeba peke yake mzigo wa watu watano, kwa kuwa tu kazi yake haionekani. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awatie huruma wenye kuajiri, na uaminifu wenye kuajiriwa, na atujaalie riziki ya halali, ikiwa tuko afisini au tuko majumbani mwetu. Amin.