Nyumba Zetu na Upepo Wetu

Umeme unaofika Unguja kwa waya uliotandazwa chini ya bahari ulikatika mwezi Mei 2008, na giza likadumu kwa takriban mwezi mmoja. Ulikatika tena Desemba 2009, wala haukurejea hadi Machi 2010. Miezi hiyo ya pili ilikuwa ya kaskazi, wakati joto la visiwa vyetu linapokuwa kali kabisa. Feni zilisimama, pampu za maji zikanyamaza, na nyumba za kuta nyembamba na mapaa ya bati yasiyo na dari zikageuka tanuri. Waya mpya uliozinduliwa mwaka 2013 umeleta nguvu zaidi, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo, swali lililoachwa na giza lile lingali linangoja jibu: je, nyumba isiyokalika pasipo umeme ni nyumba iliyokamilika?

Kwa maoni yetu, haijakamilika. Wazee wetu wa Mji Mkongwe, kama wenzao wa Lamu, walijenga kabla feni haijajulikana, na joto walilijua vyema. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa nusu mita au zaidi. Joto la mchana huchukua saa nyingi kuzipenya, na linapokaribia kufika ndani jua huwa limekwisha kuchwa. Katikati ya jumba huachwa ua ulio wazi juu, ambamo hewa ya moto hupanda ikatoka, na iliyo baridi ikavutwa kupitia vyumbani. Vyumba ni vyembamba, kwani boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi, lakini ni virefu na dari zake ziko juu. Vichochoro navyo ni vyembamba, na kwa hiyo nyumba hutiana kivuli.

Elimu hiyo inatupotea mbele ya macho yetu. Lipu ya chokaa hupumua: unyevu unaopanda ukutani kutoka ardhini hutoka tena kupitia chokaa na ukuta ukakauka. Saruji haitoi nafasi hiyo. Ukuta wa zamani unapopigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani pamoja na chumvi yake. Lipu hupasuka na kubanduka; mwenye nyumba hudhani saruji haikutosha, akaongeza nyingine, na huku vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinaoza bila ya kuonekana. Tuliyaona mwenyewe majonzi ya tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Hatuutaji msiba ule ili tumnyooshee mtu kidole. Twautaja kwa kuwa unakumbusha kwamba majumba ya zamani hayasubiri.

Wala hatuwashauri wananchi warejee katika kila jambo la kale. Boriti zilizojenga miji yetu, na nyingine nyingi zilizopakiwa majahazini kwenda Ghuba, zilitoka katika misitu ya mikoko, na mikoko ndiyo ngao ya fukwe na malezi ya samaki. Tanuri la chokaa nalo hula kuni nyingi. Visiwa vyenye watu karibu milioni 1.9, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, haviwezi kujengwa upya kwa vifaa hivyo peke yake. Linalotakiwa ni kuichukua akili ya nyumba zile.

Akili hiyo haihitaji fedha nyingi. Pepo zetu kuu ni mbili, kaskazi na kusi, na kila mvuvi anajua zinakotoka. Madirisha yanayokabiliana yakielekezwa kwenye pepo hizo, na upande mrefu wa nyumba usiangalie magharibi, nusu ya kazi imekwisha. Bati likipakwa rangi nyeupe, likapewa upenu mrefu na dari chini yake yenye matundu ya kutolea hewa, fukuto hupungua. Aidha, paa la mita 80 za mraba likinyeshewa mvua ya milimita 25 hupokea lita 2,000 za maji. Mlizamu na tangi vitayahifadhi maji hayo kwa siku ambayo pampu imesimama.

Lakini mwananchi mmoja mmoja hufuata anachokiona, na Serikali ndiyo inayoonekana zaidi, kwani ndiyo inayojenga shule, hospitali na ofisi. Ofisi yenye vioo visivyofunguka na viyoyozi vinavyonguruma kutwa humfundisha raia kwamba maendeleo ni kushindana na jua. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ramani ya jengo lolote la umma isipitishwe mpaka mchoraji aeleze litapata wapi upepo na kivuli siku umeme ukikatika. Pili, mafundi wa chokaa waliobaki wapewe vijana wa kuwarithisha ufundi wao, na vijana hao walipwe wakati wakijifunza. Tatu, Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985 kulinda mji ambao tangu mwaka 2000 umo katika Urithi wa Dunia, iwezeshwe kukagua lipu na si sura ya mlango tu.

Kaskazi huja kila mwaka, wala haiulizi kama umeme upo. Wenye dhamana ya kupitisha ramani hawana sababu ya kungoja giza jingine. Waanze na jengo la umma litakalofuata.