Utulivu wa Moyo Wakati wa Dhiki

Mnamo Oktoba 2015, wachimbaji wadogo walifukiwa na kifusi katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Siku zikapita, wiki zikapita. Novemba, baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai. Watu wengi walistaajabu. Nasi tulistaajabu, lakini mawazo yetu yaliwaendea pia wale wanaobaki juu ya ardhi ajali za namna hiyo zinapotokea: wake, akina mama na watoto. Mwanamke ashikeje jembe, asongeje ugali, alaleje usiku, naye hajui kama ni mke au mjane?

Akina mama wengi wa Shinyanga na Geita wanaijua hali hiyo, hata pale ambapo shimo halijaporomoka. Mume ameaga kwenda kwenye maduara ya dhahabu, na sasa ni miezi hakuna habari. Mvua imekatika, mahindi yamenyauka. Mtoto ana homa. Moyo unadunda, usingizi umeruka.

Mpendwa msomaji, hapo ndipo penye hatari. Moyo uliojaa hofu haukai bure. Hutafuta wa kulaumiwa. Kwa miaka mingi katika mikoa hii vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Kumbe wekundu huo mara nyingi ni wa moshi wa kuni na samadi waliyopikia wana na wajukuu tangu ujana wao. Tena kuanzia mwaka 2007 tulishuhudia wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino, kwa imani potofu kwamba viungo vyao huleta utajiri na dhahabu. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli. Hatua hizo zilihitajika. Lakini ni sheria gani inayoweza kuingia moyoni mwa mtu usiku wa manane, anapojiuliza nani amemloga? Kwa hiyo utulivu wa moyo si anasa ya watu wa mjini. Ni ngao ya jirani yako.

Je, Mkristo afanye yoga?

Swali hili huulizwa mara kwa mara, hasa tangu Umoja wa Mataifa ulipoamua mwaka 2014 kwamba tarehe 21 Juni iwe siku ya yoga duniani. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi, na shina lake ni kuunganisha, kama maksai wafungwavyo nira. Mizizi yake imo katika dini za huko, na Mkristo asiyetaka kuifuata asilazimishwe. Lakini pumzi na ukimya havina mwenyewe. Isaka alitoka kondeni jioni kutafakari. Yesu aliamka kabla ya mapambazuko akaenda mahali pa faragha kuomba. Na hapa hapa Afrika, katika jangwa la Misri, Antonio na watawa wenzake wa karne ya nne waliishi kwa ukimya na sala.

Basi jaribu hivi, dakika kumi kila siku:

1. Chagua saa moja isiyobadilika: alfajiri kabla ya kuchota maji, au usiku vyombo vikishaoshwa. Keti kwenye kigoda, mgongo wima, mikono mapajani.

2. Vuta pumzi polepole kwa pua ukihesabu hadi nne. Itoe ukihesabu hadi sita. Pumzi ndefu ya kutoka husaidia mapigo ya moyo kupungua.

3. Kila utoapo pumzi, sema moyoni sala fupi ya maneno mawili au matatu.

4. Mawazo yakija usigombane nayo. Yaache yapite, nawe urudi kwenye pumzi.

5. Mwishoni itaje hofu yako kwa jina lake mbele za Mungu: deni, ugonjwa, mume asiyerudi. Usitaje jina la jirani.

Tusidanganyane. Ukimya hauleti mvua wala hauinui kifusi. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati leo hii. Mama anayepigwa nyumbani aende polisi kwenye dawati la jinsia. Asiyepata usingizi kwa wiki kadhaa amwone daktari. Lakini moyo uliotulia huiona njia ya zahanati kabla ya njia ya kilingeni.

Dada, mama, jioni ya leo moto ukishafifia jikoni, keti. Kisha kesho mpitie bibi yule wa jirani mwenye macho mekundu, umpelekee maji, ukae naye kidogo. Huenda naye usiku halali kwa hofu, na anayemwogopa ni sisi.