Mjane wa Gränna na peremende iliyolisha mji

Katika maduka ya Kakiika, Mbarara, muuzaji akikosa chenji hukupa pipi. Ni bidhaa ndogo isiyopewa heshima. Lakini huko Sweden, pipi ya aina hiyo ilimwokoa mjane, kisha ikaupa mji wake jina.

Amalia Eriksson alifiwa na mumewe, fundi cherehani, mwaka 1858, akabaki na binti mchanga. Enzi hizo biashara ilihitaji kibali. Aliomba, na Januari 1859 wakuu wa mji wa Gränna wakamruhusu kuoka na kuuza peremende za mistari myekundu na myeupe, ziitwazo polkagris.

Utengenezaji wake hautaki mtambo mkubwa. Sukari na maji huchemshwa pamoja na siki kidogo, inayozuia sukari isirudi kuwa chengachenga, hadi nyuzi joto zipatazo 150. Uji huo mzito humwagwa juu ya meza iliyopakwa mafuta, ukatiwa mafuta ya peremende. Ukishika, hutundikwa kwenye ndoano na kuvutwa tena na tena. Weupe wake hautokani na rangi, bali na hewa inayoingia wakati wa kuvuta. Kisha hubandikwa mistari myekundu, husokotwa na kukatwa kabla haujapoa.

Amalia aliificha siri yake hadi alipofariki mwaka 1923, akiwa na miaka 99. Leo Gränna ina viwanda vidogo vingi vya pipi hiyo, na tangu 2022 jina "Gränna Polkagrisar" linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya. Anayetengeneza kwingine hawezi kulitumia.

Hapa ndipo penye somo. Nakivale, iliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, ina akina mama wengi walioanza upya kama Amalia. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na biashara. Nayo Sheria ya Viashiria vya Kijiografia ya 2013 inalinda majina ya bidhaa zenye asili maalumu.

Kwa anayevuka mpaka, mzigo usiozidi dola 2,000, uliotengenezwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha ya pamoja, hupita kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani. Alama ya ubora bado ni lazima kwa chakula.

Sukari tunayo, tangawizi tunayo. Kilichobaki ni kupata kibali, kutunza ubora na kuipa bidhaa jina la kwetu.