Max Linder: Bingwa wa vichekesho aliyesahauliwa, na binti aliyemsaka katika mikanda iliyooza

Na Mwandishi Wetu

JINA la Charlie Chaplin halihitaji utambulisho kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa wala Zanzibar. Hata mtoto ambaye hajapata kutazama filamu yake moja nzima huitambua ile kofia, ile bakora na ule mwendo wa miguu iliyogeukia nje.

Lakini Chaplin huyo huyo aliwahi kumpa mtu mmoja picha yake yenye sahihi, na katika maneno aliyoandika juu yake alimwita mtu huyo profesa, naye mwenyewe akajitaja kuwa mwanafunzi wake. Aliyepewa picha hiyo ni Max Linder, Mfaransa ambaye kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alijulikana kuanzia Barcelona hadi St. Petersburg. Leo hii ni wachache wanaomtaja, ukiwaondoa mabingwa wa historia ya sinema.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi ya msanii wa kiwango hicho ilivyoweza kutoweka, na jinsi sehemu yake ilivyorudishwa, hasa kwa juhudi za binti ambaye hakuwa na kumbukumbu hata moja ya uso wa baba yake.

Linder alizaliwa Desemba 16, 1883 huko Saint-Loubès, karibu na mji wa Bordeaux, katika familia ya wakulima wa mizabibu. Jina lake halisi lilikuwa Gabriel Leuvielle. Alianza kwa uigizaji wa jukwaani, na mwaka 1905 akaingia katika filamu fupi za kampuni ya Pathé, ambayo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko zote duniani katika biashara hiyo.

Alichokileta kilikuwa kipya. Vichekesho vingi vya siku zile vilitegemea kukimbizana, kuangukiana na kupigana vibao. Linder alitokea amevaa kama bwana harusi: kofia ndefu ya hariri, koti lililokatwa vizuri, glavu, viatu vinavyong'aa na masharubu yaliyotunzwa. Muungwana huyo, aliyeitwa Max tu, hakuwa na njaa wala hakuwa na kazi inayoeleweka. Shida yake ilikuwa kuilinda heshima yake pale mambo yanapomwendea kombo, na kicheko kilitoka katika jitihada hizo.

Chukua mfano wa Max victime du quinquina ya mwaka 1911. Daktari amemwandikia mvinyo uliotiwa kwinini, dawa ambayo wazee wetu waliijua vyema kwa uchungu wake. Max anajimiminia glasi kubwa kupita kiasi, analewa, kisha anagombana na waheshimiwa mmoja baada ya mwingine. Kila aliyetukanwa anamkabidhi kadi yake ili baadaye wapigane kwa silaha, kama ilivyokuwa desturi ya mabwana wa huko. Polisi wanaomkuta barabarani hajiwezi wanaisoma kadi, wanadhani ndiye kigogo aliyetajwa, wanampigia saluti na kumpeleka nyumbani, yaani nyumbani kwa mwenye kadi. Askari anayetetemeka mbele ya jina la mkubwa ni kichekesho ambacho, kwa maoni ya mwandishi huyu, hakijachakaa hata kidogo.

Vita ilipozuka mwaka 1914, Linder alitumikia jeshi la nchi yake na kutoka humo afya ikiwa imeharibika. Kampuni ya Essanay ya Chicago, iliyokuwa imempoteza Chaplin, ilimwita Marekani kujaza nafasi hiyo. Filamu zake tatu za mwaka 1917 hazikupata mafanikio yaliyotarajiwa, naye akarudi Ulaya. Alipokwenda Marekani kwa mara nyingine alitengeneza, kwa mtaji wake mwenyewe, filamu tatu ndefu: Seven Years Bad Luck na Be My Wife za mwaka 1921, na The Three Must-Get-Theres ya mwaka 1922, ambamo askari wa mfalme wa karne ya 17 wanapanda pikipiki bila kuona ajabu yoyote.

Hiyo ya kwanza ndiyo yenye kioo mashuhuri. Watumishi wa Max wamekivunja kioo kikubwa cha chumbani, na kwa hofu wanamvisha mpishi mavazi kama ya bwana na kumsimamisha nyuma ya fremu tupu. Max anaamka kichwa kikimuuma kwa pombe za jana, anajitazama, na kila anachofanya mpishi anakifanya pia. Ndugu wa Marx walifanya kichekesho cha namna hiyo katika Duck Soup mwaka 1933, na watazamaji wengi hudhani kilianza hapo.

Baada ya hapo mambo hayakwenda vizuri. Linder alirejea Ufaransa, akacheza katika Au secours! ya mwongozaji Abel Gance, akatengeneza filamu yake ya mwisho mjini Vienna mwaka 1924. Alikuwa akisumbuliwa na maradhi ya huzuni. Mwishoni mwa Oktoba 1925, yeye na mkewe walifariki mjini Paris kwa kujiua. Alikuwa na umri wa miaka 41. Waliacha mtoto mmoja, Maud, aliyekuwa na miezi 16.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1927, filamu ya The Jazz Singer ilileta sauti, na katika muda mfupi sinema bubu zikawa bidhaa isiyo na soko. Hapa ndipo inapofaa kusimama na kueleza filamu yenyewe ni kitu gani.

Mikanda ya sinema ya wakati huo ilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, jamaa wa karibu wa baruti isiyo na moshi. Ilitoa picha safi ajabu, lakini iliwaka kwa kasi, na ikishika moto haizimiki hata ikizamishwa majini kwa sababu huzalisha oksijeni yake yenyewe. Mwaka 1937 moto katika ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, uliteketeza sehemu kubwa ya filamu bubu za kampuni hiyo.

Mkanda usipoungua, huoza. Kwanza picha hufifia, kisha uso wake hunata, hutoa mapovu yenye harufu kali, tabaka hushikana kuwa bonge moja, na mwisho wake ni unga wa rangi ya kahawia ndani ya kopo la bati. Asidi inayotoka katika mkanda mmoja huharakisha kuoza kwa ule ulio jirani. Joto na unyevu huzidisha balaa hilo. Kwa kuwa mikanda ya namna hii iliendelea kutumika katika kumbi za sinema hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hata kopo kuukuu katika stoo ya jengo la sinema la pwani yetu lapaswa kufunguliwa kwa tahadhari, mbali na moto na sigara.

Aidha, wapo walioziharibu filamu kwa makusudi. Ndani ya mkanda mna madini ya fedha, na kwa mfanyabiashara wa miaka ya 1930 madini hayo yalikuwa na thamani kuliko kichekesho ambacho hakuna aliyetaka kukilipia. Hata wasanii wenyewe walikata tamaa. Georges Méliès, aliyefilisika, alizichoma nakala zake asilia mwaka 1923. Maktaba ya Bunge la Marekani ilipotoa utafiti wake mwaka 2013, ilibainika kuwa kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, takriban asilimia 70 zimepotea kabisa.

Hata hivyo, kemia peke yake haielezi kwa nini Chaplin yupo na Linder hayupo. Chaplin alianza kumiliki filamu zake kuanzia mwaka 1918, akazitunza, akaishi hadi mwaka 1977. Harold Lloyd naye alikuwa mmiliki wa kazi zake. Buster Keaton hakumiliki chochote cha maana, lakini aliishi kiasi cha kushangiliwa na ukumbi mzima katika tamasha la Venice mwaka 1965, miezi michache kabla ya kufa. Linder hakupata hata moja kati ya hayo. Filamu zake fupi zilikuwa mali ya Pathé, naye alikuwa kaburini kabla hata swali la kuzihifadhi halijaulizwa. Cinémathèque française, taasisi iliyoanza kuokoa filamu nchini mwake, ilianzishwa mwaka 1936, miaka 11 baada ya kifo chake.

Aliyebaki ni yule mtoto. Maud alilelewa na bibi yake mzaa mama, katika nyumba ambayo habari za baba hazikuzungumzwa. Alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima alipomwona baba yake kwa mara ya kwanza, akiwa katika skrini, akitembea na kofia yake ya hariri mbele ya watazamaji waliokuwa wakicheka. Ni vigumu kufikiri namna nyingine ya kukutana na mzazi iliyo ya ajabu kuliko hiyo.

Kuanzia hapo alianza kusaka. Aliwaendea watunza hifadhi, wakusanyaji binafsi na wauzaji wa vitu vikuukuu, akinunua na kubadilishana mkanda mmoja mmoja. Mwaka 1963 alitoa En compagnie de Max Linder, iliyounganisha sehemu za zile filamu tatu ndefu za Marekani. Miaka 20 baadaye, mwaka 1983, ilifuata L'Homme au chapeau de soie, filamu ya kumbukumbu iliyotumia vipande vya kazi nyingi zaidi. Mwaka 1992 aliandika kitabu kuhusu baba yake. Alifariki mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 93, na kazi hiyo haikuwa imekwisha.

Wapo wataalamu wasiopenda namna alivyoifanya filamu ya mwaka 1963, kwa kuwa ilifupisha kazi na kuweka sauti ya msimulizi pale ambapo Linder hakuhitaji maneno. Hoja yao ina uzito. Lakini wakati huo hapakuwa na foleni ya watu waliotaka kuzionyesha filamu hizo zikiwa kamili, na jina lisilosikika halitafutiwi mikanda.

Jambo moja lililosaidia ni kwamba filamu za Pathé zilisambaa kupita kiasi. Hadi mwaka 1907 kampuni hiyo iliuza nakala moja kwa moja badala ya kuzikodisha, hivyo zikaenda kila pembe na hazikurudi. Zilizookotwa baadaye zilikuwa na maandishi ya lugha nyingine, majina mengine, na mara nyingi mwanzo au mwisho umekatika kwa kuwa hizo ndizo sehemu zinazochakaa kwanza katika projekta.

Msaada mwingine ulitoka kwa kifaa cha kuchezea. Desemba 1922 Pathé ilianza kuuza Pathé-Baby, projekta ndogo ya nyumbani yenye mkanda wa milimita 9.5 usioshika moto kwa urahisi. Miongoni mwa filamu zilizofupishwa kwa ajili yake zilikuwamo za Max Linder. Nakala hizo ni ndogo na zimepunguzwa, lakini hazikuoza kama zile kubwa. Kwa hiyo kuna vichekesho ambavyo familia fulani iliwanunulia watoto wake kwa ajili ya jioni za Jumapili, na ambavyo vimeishi kuliko nakala za kumbi kubwa za Paris.

Mrejeshaji anapopata nakala mbili au tatu za filamu moja, huzilinganisha picha kwa picha, huchagua iliyo safi katika kila sehemu, hutengeneza matundu yaliyochanika, kisha huinakili katika mkanda mpya au katika kompyuta. Baada ya hapo linakuja suala la kasi, ambalo kwa Linder ni suala la uhai wa sanaa yenyewe. Kamera za siku zile zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa picha kama 16 hadi 18 kwa sekunde. Zikionyeshwa kwa mashine za picha 24, watu hurukaruka kama vikaragosi, na wengi wetu tumekua tukiamini kuwa sinema bubu ndivyo zilivyokuwa. Mchekeshaji wa kukimbizana anaweza kustahimili kosa hilo. Linder hawezi, kwa kuwa kichekesho chake kimo katika kusita, katika namna anavyonyoosha glavu yake kabla ya kujifanya hakuna kilichotokea. Ukimharakisha, anabaki kuwa mtu mwenye masharubu anayepunga mikono.

Filamu zake fupi nyingi hazijaonekana hadi sasa. Watambuzi wa mikanda, wanapopokea kopo lisilo na jina, hutazama kwanza pembezoni mwa mkanda, ambako Pathé ilichapa jina na anwani yake. Kisha hutazama kuta za chumba ndani ya picha, kwa kuwa katika filamu zake za mwanzo kampuni hiyo ilibandika hapo nembo yake ya jogoo ili kuwazuia wezi wa nakala. Jogoo akionekana, na chini yake akapita kijana mwenye kofia ndefu, kopo hilo hupelekwa haraka kwenye chumba cha baridi.