Chumba cha Mbele, Ua wa Nyuma: Nyumba Inayobadilika na Wakazi Wake

Nyumba iitwayo ya Kiswahili, iliyoenea katika mitaa ya Dar es Salaam kama Kariakoo, Ilala na Magomeni, ina ramani nyepesi: baraza mbele, ukumbi mwembamba unaopita katikati, vyumba vinavyotazamana, mara nyingi vitatu kwa vitatu, na ua wenye jiko, choo na stoo. Kwa kuwa vyumba hivyo hukaribiana ukubwa na kila kimoja kina mlango wake ukumbini, hakuna kilichofungwa na kazi moja. Chumba cha watoto hupangishwa wakishaoa au kuolewa, cha mbele hugeuzwa duka, na uani hujengwa banda la mzazi aliyezeeka, huku nyumba yenyewe ikibaki imesimama.

Sifa hiyo ndiyo unyumbufu wa makazi, yaani uwezo wa jengo kupokea mabadiliko ya maisha bila gharama ya kuanza upya. Msanifu majengo wa Uholanzi, John Habraken, aliijengea hoja katika kitabu alichochapisha mwaka 1961, akipendekeza itenganishwe sehemu ya kudumu, ambayo ni kiunzi cha msingi, nguzo na sakafu, na sehemu ya kujazia, kama kuta za kugawa vyumba, ambayo mkazi huipanga na kuipangua apendavyo. Alichokitetea zaidi ni haki ya mkazi kuwa na kauli juu ya nyumba yake, na hapo ndipo hoja yake ina uzito hadi leo.

Mfano ulio wazi zaidi uko Iquique, kaskazini mwa Chile, katika mtaa wa Quinta Monroy uliokamilika mwaka 2004 chini ya msanifu Alejandro Aravena na wenzake. Ruzuku ya serikali ilikuwa takriban dola 7,500 kwa kila familia, na fedha hizo zilipaswa kutosha kiwanja, miundombinu na ujenzi. Badala ya kuzihamishia familia pembezoni, ambako ardhi ni rahisi lakini kazi na shule ziko mbali, wasanifu walizibakiza mahali zilipozoea na kujenga nusu tu ya kila moja ya nyumba 93, wakiichagua nusu ambayo familia ingeshindwa kuijenga vizuri peke yake: kiunzi imara, ngazi, jiko, bafu na kuta za kutenganisha jirani na jirani. Pengo liliachwa makusudi kati ya nyumba na nyumba, na wakazi wakalijaza kadiri walivyopata fedha, hata makazi yasiyofikia mita za mraba 40 yakaweza kukua hadi takriban 70.

Unyumbufu wa aina hii unahitaji uamuzi wa mapema. Mabomba ya maji na maji taka yakikusanywa upande mmoja, sehemu nyingine hubaki huru. Kuta zinazobeba mzigo zikiwa chache, zile za kugawa huondolewa bila hatari. Nondo zinazoachwa zikichomoza juu ya nyumba kwa matumaini ya ghorofa hazina maana ikiwa msingi ulipimwa kwa mzigo wa nyumba ya chini tu, na hata msingi ukitosha, nondo zisizokingwa huliwa na kutu, hasa karibu na bahari, kabla mwenye nyumba hajapata fedha za kuendelea.